Mlango wa Magharibi

Daftari la kituo chetu lilikuwa na safu tano. Nne zilikuja zimechapwa kiwandani: saa ya hitilafu, aina yake, chanzo chake, saa ya kupona. Ya tano aliichora mkuu wa kituo, tuliyemwita Mzee, kwa rula na kalamu nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, na juu yake akaandika neno moja: Waliokatika.

Nilifika pale mwaka 1988, binti wa miaka 22 mwenye cheti kipya cha ufundi sanifu. Kituo kilikuwa juu ya kilima mkoani Tanga: nyumba ya matofali, mnara wenye madishi mawili makubwa, jenereta, na chumba cha betri kilichonuka asidi. Dishi moja lilitazama upande wa Dar es Salaam, la pili lilitazama kaskazini. Wiki ya kwanza sikuruhusiwa kugusa mtambo. Nilikabidhiwa daftari. Mawimbi yakifa, nilitakiwa kuwahesabu watu waliopotea pamoja nayo: hospitali ya wilaya, posta, polisi, mashamba ya mkonge, na wale waliopanga foleni tangu alfajiri wakingoja opereta awaite majina.

"Mtambo hauumwi, binti," Mzee aliniambia. "Anayeumwa ni aliyekatwa katikati ya neno. Mwandike."

Nilistaafu mwaka 2021. Katika miaka hiyo 33 mikono yangu imepita kwenye vizazi vinne vya mitambo, na cha mwisho ni kile kinachounganisha pakiti na mwanga ndani ya sanduku moja na kufungwa pembezoni mwa mtandao, huko mwisho wa njia ambako minara na vitongoji huanza. Vijana niliowafundisha huliona sanduku hilo kama mwanzo wa dunia. Mimi naliona kama sura ya karibuni katika hadithi yenye umri wa karne moja na nusu, hadithi ya kuwapitisha watu wengi kwenye njia moja. Kila nikiirudia, nakutana na swali la safu nyekundu: njia hiyo ikikatika, nani wanakatika nayo?

Neno simu lenyewe linatuonyesha tulikotoka. Wajuao asili ya maneno hulirudisha kwenye Kiajemi, ambako maana yake ni waya. Wazee wa pwani waliposema "kupiga simu" walikuwa wakisema habari za telegrafu, nukta na vistari vilivyogongwa na mkono wa karani. Na waya wa kwanza wa aina hiyo kutufikia ulipita chini ya bahari, tena kwa sababu ya vita vya mbali. Januari 22, 1879 jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza kule Isandlwana. Habari zilichukua takriban wiki tatu kufika London, kwa kuwa kusini mwa Afrika hakukuwa na kebo iliyoungana na Ulaya. Serikali ya Uingereza ikatoa fedha, na kabla ya mwaka kwisha kebo ilikuwa imetandazwa kutoka Aden hadi Durban, ikitia nanga Zanzibar na Msumbiji. Sultani Barghash akawa na uzi wa kuongea na dunia, huku habari za bara zikiendelea kutembea kwa miguu ya wapagazi.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kila fundi kijana akijue. Kufikia 1889 kebo nyingine ilikuwa imefika Cape Town kwa kuzunguka pwani ya magharibi ya Afrika. Miaka 10 tu, na wakubwa wa kusini walikuwa na njia mbili. Mwaka 1893 Zanzibar nayo ikaunganishwa na Shelisheli na Mauritius. Upande wetu wa bara ulining'inia kwenye kebo ya mwaka 1890 iliyotoka Zanzibar kwenda Bagamoyo na Dar es Salaam. Wajerumani waliotawala huku walijua kwamba simu zao za kwenda Berlin zilipita Unguja, mikononi mwa Waingereza. Wakasimamisha mnara wa redio Dar es Salaam ili wawe na mdomo mwingine. Vita vilipoanza, Agosti 8, 1914, manowari ya Uingereza HMS Astraea ilifika bandarini na kuulenga mnara huo kwa mizinga. Adui alielewa zaidi thamani ya njia ya pili kuliko tulivyokuja kuielewa sisi.

Ndani ya bara, kampuni ya Cecil Rhodes iliyoundwa mwaka 1892 ili kuvuta waya kutoka Cape hadi Cairo iliishia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Cairo haikufikiwa. Ujiji ikawa mwisho wa waya, na mji ulio mwisho wa waya una upande mmoja tu wa kutazamia msaada. Nguzo ikianguka popote kwenye pori lote lile, mji unakuwa bubu.

Mwanzoni waya wa telegrafu ulibeba mkono wa karani mmoja kwa wakati mmoja. Kazi yetu yote tangu hapo imekuwa kuugawa. Mgao nilioukuta kwa Mzee ulikuwa mgao wa masafa. Sauti ya mtu anayeongea kwenye simu huhitaji kati ya hezi 300 na 3,400, kwa hiyo kila mtu alipewa chumba cha hezi 4,000 na kuinuliwa juu ya mwenzake kama ghorofa. Watu 12 walifanya kundi, makundi matano yakafanya kundi kuu la watu 60, na kuendelea hivyo hadi 960 kwenye wimbi moja la maikrowevu. Kila vyumba viwili vilitenganishwa na vichujio vya koili na kapasita, navyo vilizeeka. Joto likipanda vilihama, na sauti ya daktari ikavuja kwenye chumba cha mfanyabiashara. Nilitumia usiku mwingi nikiwa na bisibisi ndogo ya plastiki, nikizungusha koili robo ya mzunguko, nikisikiliza mpaka mnong'ono wa jirani upotee.

Hizo zilikuwa zama za Shirika la Posta na Simu, lililozaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na shirika la pamoja la nchi tatu kugawanywa. Mwaka 1994 shirika hilo nalo likagawanywa, posta upande wake na simu upande wake. Mwaka huohuo simu za mkononi zikaanza Dar es Salaam, na mitambo ya dijitali ikaanza kupanda vilima vyetu.

Hapo nikajifunza mgao wa pili, wa wakati. Sauti ya kila mtu ilikatwa vipande 8,000 kwa sekunde, kila kipande kikageuzwa tarakimu, na vipande vya watu 30 vikapangwa foleni ndani ya mkondo mmoja tulioutaja kwa jina lake la kiwandani, E1: megabiti 2.048 kwa sekunde. Una nafasi 32. Thelathini ni za watu, moja hubeba ishara za kupiga na kukata, na ile ya kwanza kabisa, nafasi ya sifuri, huonyesha foleni inaanzia wapi. Upokeaji wa mkondo huo wenyewe ulitupa mapigo ya saa: mtambo uliosikiliza E1 ulipata mdundo wa mtambo ulioutangulia, na huo ukaupata wa uliotangulia, hadi kwenye saa kuu mjini. Tuliupata mdundo huo bila kuuomba, ndiyo maana hatukuwahi kuufikiria. Tulikuja kuukumbuka kwa uchungu.

Baadaye ikaja mitambo ya mfumo wa SDH, uliokuwa umewekewa viwango vya kimataifa mwaka 1988. Mkondo wake wa ngazi ya kwanza ulibeba E1 63, maana yake simu 1,890 kwa pamoja. Uzuri wake mkubwa ulikuwa pete. Vituo vilifungwa kwa mduara, na njia ikikatika upande mmoja mtambo uligeuza mawasiliano yakapita upande wa pili ndani ya milisekunde 50. Anayeongea hajui kitu, anaendelea kumaliza neno lake. Nilipoiona pete ikifanya kazi kwa mara ya kwanza, kwenye mafunzo, nilimkumbuka Mzee, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kwenda. Nilitamani aione safu yake nyekundu ikikaa tupu. Lakini pete zilijengwa mijini. Sisi wa vilimani tulibaki mnyororo, kituo kimoja nyuma ya kingine, kama waya wa Ujiji.

Mwaka 2009 ulibadilisha kila kitu. Julai 23 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, ukiunganisha Dar es Salaam na Mombasa na dunia kwa nyuzi za kioo. EASSy ukafuata mwaka 2010. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao ulianza mwaka 2009, ukielekea mikoani na hadi kwenye mipaka na majirani zetu. Oktoba mwaka huohuo Charles Kao akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake wa mwaka 1966 uliosema kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitabeba mwanga kwa masafa marefu. Mtu alisubiri miaka 43 kupewa heshima yake, nasi tuliupata uzi wake mwaka huohuo aliopewa.

Nikiwa na miaka 43 mimi mwenyewe, nikarudi kuwa mwanafunzi. Kiini cha uzi, mahali mwanga unapopita, kina upana wa maikromita 9 hivi. Gamba lake la kioo ni maikromita 125. Unavua ganda, unafuta kwa spiriti, unakata kwa kisu maalumu ili ncha iwe wima kabisa, kisha mashine inazikutanisha ncha mbili na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme. Katika miji ya vumbi jekundu, chembe moja isiyoonekana kwa macho inatosha kuziba mlango wote. Niliwafundisha vijana wasiunge kitu kabla hawajaitazama ncha kwa darubini, hata kama bosi anapiga simu kila dakika tano. Mwanga mzuri hupoteza kama desibeli 0.2 kwa kilomita, kwa hiyo baada ya kilomita 80 kinachobaki ni sehemu moja kati ya 40, na uzembe wa kiungo kimoja unaweza kuila hiyo iliyobaki.

Ndani ya uzi huo kukawa na mgao wa tatu, wa rangi. Macho yetu hayazioni, maana ziko chini ya wekundu, lakini kila leza imepangiwa rangi yake kwenye ngazi ya kimataifa inayohesabiwa kutoka terahezi 193.1, na uzi mmoja ukabeba rangi kadhaa, kila moja na mzigo wake. Kwenye njia kuu tukawa na utajiri ambao Mzee asingeuamini.

Pembezoni ndiko tulikokwama. Njoo nami kwenye kituo cha mji mdogo mwaka 2014 hivi. Mnara wa simu za mkononi ulikuwa umeanza kutaka intaneti, na mtu mmoja anayetazama video ya megabiti 4 alikula karibu E1 mbili, yaani nafasi tulizokuwa tukiwapa watu 60. Tatizo lilikuwa ndani ya mgao wenyewe. SDH ni basi la mkoani lenye viti vilivyokatiwa tiketi: abiria asipotokea, kiti kinasafiri kitupu hadi mwisho. Pakiti ni daladala: kila kipande cha data kina anwani yake na kinakaa penye nafasi, hivyo gari hujaa. Watu wa video, ambao hutaka kingi kwa sekunde chache kisha hutulia, walihitaji daladala. Basi tukaongeza kabati. Tulikuwa na kabati la SDH kwa ajili ya E1 za zamani, kabati la swichi kwa ajili ya pakiti, na kabati la rangi kwa ajili ya mwanga. Makabati matatu, viyoyozi viwili, jenereta moja iliyochoka. Kutoka kabati hadi kabati ulipita msitu wa nyaya, na kila kiungo kati yao kilikuwa mahali pengine pa kuharibika. Hitilafu ikitokea, mafundi watatu walisimama kila mmoja mbele ya kabati lake, kila mmoja akiapa kwamba lake ni zima.

Sanduku jipya lililazimisha makabati hayo kukaa meza moja. Upande wa mbele lina milango ya Etheneti kwa ajili ya minara, na michache ya E1 kwa wateja wa zamani, mfano tawi la benki lenye mashine isiyojua lugha nyingine. Ndani, moyo wa pakiti unapanga nani apite na kwa kipaumbele gani. Kisha mzigo wote unatiwa kwenye bahasha ya OTN, ambayo viwango vyake vilitolewa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mwaka 2001, yenye tarakimu za ziada za kusahihisha makosa ya njiani. Mwisho bahasha inapewa rangi na kusukumwa kwenye uzi. Rangi zisizohusu mji huo hupita moja kwa moja zikiwa bado mwanga, bila kuteremka na kugeuzwa umeme. Makabati matatu yakawa sanduku la kimo cha kiganja, na betri zilezile za volti 48 zikadumu zaidi umeme ulipokatika.

Haikuwa kazi nyepesi kuzipatanisha jamii mbili za wahandisi. Watu wa intaneti walizoea pakiti inayojitafutia njia. Watu wa simu walitaka njia ijulikane kabla, ikaguliwe mwanzo hadi mwisho, na ikikatika igeuzwe ndani ya milisekunde zilezile 50. Mwaka 2008 ITU na IETF, jumuiya ya wahandisi wa intaneti, zilikubaliana kutengeneza pamoja aina ya pakiti yenye tabia za simu, MPLS-TP, na bado zikabishana miaka kadhaa namna ya kuikagua njia hiyo. Niliposoma mabishano hayo nilikuwa upande wa watu wa simu kwa moyo wote. Walikuwa wakiitetea safu nyekundu.

Usiku wa kuhamisha kituo changu cha mwisho tulianza saa saba. Tulikuwa watano. Kabla ya kuanza niliwaambia vijana methali ya pwani: usiache mbachao kwa msala upitao. Hakuna kuchomoa waya wa zamani hadi mpya ulale siku saba bila kosa. Kufikia saa tisa minara yote ilikuwa kwenye pakiti, taa za kijani, intaneti inakimbia kuliko ilivyowahi kukimbia. Saa kumi na moja malalamiko yakaanza. Madereva wa magari ya mizigo walikuwa wakipiga simu, wakitoka kivuli cha mnara mmoja kuingia wa pili, simu zinakufa.

Nilikaa chini nikafikiri kwa muda mrefu. Nguvu ya mwanga ilikuwa sawa, pakiti hazikupotea. Kisha nikaikumbuka nafasi ya sifuri. Minara ya simu za mkononi inadai mdundo usiokosea zaidi ya sehemu 50 katika bilioni, na miaka yote mdundo huo ulikuwa ukiletwa kimyakimya na E1. Pakiti hufika inapofika, haina mdundo. Sanduku jipya lilikuwa na dawa zote mbili, kuupitisha mdundo kwenye mstari wenyewe wa Etheneti na kutuma pakiti zenye muhuri wa saa, lakini katikati ya njia kulikuwa na swichi moja ya zamani isiyoupokea wala kuupitisha. Minara ya mbele yake ilikuwa ikipiga ngoma bila mmoja kuusikia mwingine. Tuliirudishia mdundo kupitia E1 ambayo hatukuwa tumeichomoa, na juma lililofuata swichi ikabadilishwa. Kituo kile hakikuwa na daftari tena. Nilichukua karatasi nikaandika: saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili asubuhi; waliokatika: madereva wa barabara kuu, na wagonjwa wawili waliokuwa wakisafirishwa.

Siku hizi kengele ya hitilafu haimlii aliyeko kituoni. Inawaka kwenye kioo katika ukumbi wa mjini, ikitaja namba ya mlango na kiwango cha mwanga. Hiyo ni hatua njema na siipingi. Lakini kadiri tulivyogawa vizuri zaidi ndivyo kila uzi ulivyobeba wengi zaidi: karani mmoja, watu 960, watu 1,890, na sasa mji mzima na benki yake, zahanati yake na M-Pesa yake ndani ya uzi mwembamba karibu kama unywele. Greda la barabara likiupitia uzi huo, sanduku bora kuliko yote halina la kufanya. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika siku moja upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizozama gizani zaidi. Nilikuwa nyumbani, mstaafu, simu mkononi haifungui kitu. Nikaona jinsi swali la mwaka 1890 lilivyo bado hai.

Sanduku hilo, ukiligeuza, lina milango miwili ya mwanga. Kwa desturi mafundi huiita kwa majina yaleyale, Mashariki na Magharibi, hata kama uzi unakwenda kusini. Aliyelibuni alijua kwamba kituo kinapaswa kusimama katikati ya pete, mwanga ukija kutoka pande zote mbili, ili upande mmoja ukifa mwingine uitike. Kanuni ya milisekunde 50 imo ndani, imelipiwa, inangoja. Katika kituo changu cha mwisho, mlango wa Mashariki ulikuwa na uzi. Mlango wa Magharibi ulikuwa bado na kifuniko cheusi cha kuzuia vumbi, kama ulivyotoka kiwandani.

Siku ya kuaga nilimwita kijana aliyekuwa akichukua nafasi yangu. Nilimpa kalamu nyekundu na daftari jipya lenye safu tano nilizochora mwenyewe. Nikamwonyesha kifuniko kile. Nilimwambia kwamba akiandika vizuri kila wanaokatika, kwa majina ya shughuli zao na saa walizokaa kimya, atakuwa na karatasi ya kuweka mezani siku atakapoomba kilomita za mtaro wa kuufikia mji jirani. Akaniuliza nitajuaje kama amefaulu.

"Nitakupigia, mwanangu," nikamwambia, "nikuulize kifuniko kiko wapi."

Humpigia kila mwanzo wa mwezi. Mara ya mwisho alinisomea ukurasa mzima wa safu nyekundu, na akaniambia mtaro umefika mtoni.